Kilo Moja Katika Kila Kumi na Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua wewe husoma barua kuanzia mwisho ili ujue mapema kama kuna msiba. Hakuna. Rudi juu usome kwa utaratibu.

Kwanza naungama wizi. Nilipokuja kukuona mwezi uliopita, ukiwa umesinzia kwenye kiti, niliingia stoo kutafuta shuka nikaiona mizani ya mama chini ya magunia matupu. Nimeichukua. Ningekuomba, lakini kukuomba kitu siku hizi ni kupiga kelele mpaka majirani waje kuuliza nani kafa, na simu ndiyo usiseme. Ndiyo maana naandika.

Nimeanza mpango wa kupunguza mwili. Usicheke. Nyinyi ndio mlionipa jina la Sindano nilipokuwa mwembamba wa kupita chini ya mlango, na sasa wateja wakilisoma kwenye kibao cha duka langu la ushonaji, kisha wakanitazama, wanauma midomo. Tarehe kumi na mbili Februari kliniki walinipima: kilo mia moja na nne, na sukari imepanda. Mshauri wa lishe, binti mdogo mwenye sauti ya hakimu, akaniuliza nakula nini. Nikamjibu sili sana. "Mama, sijauliza kiasi. Nimeuliza nini. Anza na jana asubuhi." Baba, nilipomaliza kutaja ya jana, karatasi yake ilikuwa imejaa pande mbili. Chai vikombe sita, kila kimoja vijiko vinne vya sukari. Mkate niliokuwa naumega huku nakata vitambaa. Mabaki ya sahani za watoto, ambayo mimi sikuwahi kuyahesabu kuwa chakula. Niliyahesabu kuwa kuosha vyombo.

Sasa sahani yangu naigawa: nusu mboga, robo wali au viazi, robo maharage au samaki. Mafuta napima kwa kijiko, simimini tena kwa macho. Nakula nimekaa, cherehani imezimwa. Tumekubaliana kila Jumamosi asubuhi kabla ya chai nipande mizani na kumtajia mshauri namba kwa simu, maana kliniki ni mbali na nina oda ya sare za shule mbili.

Juzi nimepanda kwa mara ya kwanza. Tisini na sita! Kilo nane, na wiki tatu hazijatimia! Mshauri akauliza kama mizani ni nzima. Nikamwambia, mdogo wangu, mizani hii ina lakiri, muhuri wa risasi wa baba yangu, fundi wa mizani wa serikali miaka thelathini na moja. Ikishasema, imesema.

Na wewe unakula? Msalimie Afande.

Mwanao,
Sindano


Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Nimesoma barua yako kutoka mwisho, kisha kutoka mwanzo, kisha tena.

Hiyo mizani irudishe. Ni ya zamani, na springi huchoka kama watu wanavyochoka. Usiitumie kumpa mtu yeyote namba. Kapime kliniki, au nunua nyingine.

Nimefurahi kusikia habari za sahani yako. Endelea hivyo hivyo.

Mimi ni mzima. Nakula vizuri, asubuhi, mchana na jioni.

Baba yako

Dada Sindano, mimi ni yule ninayemtunza mzee, ambaye ameniita Afande kwa sababu eti namwamrisha kula. Amenipa barua nikaitie kwenye bahasha, nami nimechungulia, unisamehe. Si kweli, mzee hali. Leo amekula uji vijiko vitatu, cha nne akasema ni cha kwangu. Na tangu barua yako ije hajagusa hata hivyo vitatu kwa amani.


Jumamosi, 16 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako imeniuma, sikufichi. Umesema "irudishe" kama unamwambia mtu aliyeazima jembe. Kama ni kwa sababu ilikuwa ya mama, sema hivyo. Mimi nami ni wa mama. Imekaa chini ya magunia miaka ishirini na mbili, na mimi nimeisugua mpaka kioo kinang'aa. Wala sinunui mpya. Za dukani ukisogeza mguu zinakupa namba nyingine. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba kipimo kisicho na lakiri ni maneno ya mitaani.

Leo ni tisini na tano na nusu. Shida yangu ni futi, ule utepe wangu wa kupimia. Najipima kiuno kila Jumamosi, na futi imeng'ang'ania palepale. Kilo nane na nusu zimeondoka na inchi hata moja haikuzisindikiza? Nikajua futi imesinyaa, maana niliwahi kuifua ikiwa imesahaulika mfukoni. Nimenunua mpya. Nayo inasema yaleyale! Labda ninapungua mifupa.

Lakini mimi na futi hatujawahi kusikilizana. Unakumbuka gauni la mama, lile la kwendea hospitali? Gauni langu la kwanza kushona peke yangu, na lilimbana mpaka mkono wa kulia haukunyanyuka. Kila nikikata kitambaa cha mtu nalikumbuka. Nilimpeleka mama yangu hospitali amebanwa.

Habari njema: mshauri amesema nikifika kilo kumi tutazungumza kuhusu kupunguza vidonge vya sukari walivyonipa kliniki. Imebaki moja na nusu. Vidonge hivi vinanivuruga tumbo, nakaa dukani na mteja huku nikihesabu hatua za kufika chooni. Naisubiri siku hiyo kama mwanafunzi anavyosubiri likizo.

Afande amenieleza mambo ya vijiko. Tutazungumza.

Sindano


Alhamisi, 21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Usiguse vidonge. Hata kimoja. Nenda kliniki, panda mizani yao, mshauri akutazame kwa macho yake, ndipo mzungumze habari ya dawa. Oda ya sare itangoja.

Umeniuliza kama ni kwa sababu ilikuwa ya mama yako. Ndiyo, na siyo. Mama yako alikuwa akiipanda Jumamosi asubuhi kama wewe, amefumba macho, na mimi ndiye niliyemsomea namba. Nikishasema, alishuka na kwenda jikoni. Nilimsikia akiosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa. Ilikuwa miezi migumu ndani ya nyumba hii. Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba, kutwa uko kwa fundi unajifunza kazi, hukuona mengi.

Nilikusudia kuandika zaidi leo. Mkono umekataa. Fanya nilivyokwambia wala usiniulize kwa nini.

Baba yako


Alhamisi, 28 Machi

Baba,

"Usiniulize kwa nini" huambiwa mtoto wa miaka sita. Mimi nina thelathini na tisa na wangu wawili wananiuliza kwa nini kutwa kucha, na nawajibu.

Nadhani nimekuelewa, na acha niseme mimi ili wewe usipate tabu. Mama alipungua, kisha akafa. Sasa unaniona napungua juu ya mizani ileile na unaogopa. Ndiyo maana hukuandika neno hata moja la hongera. Kila mtu amenipongeza, hata muuza viazi ambaye nimemharibia biashara. Wewe umeniambia nirudishe.

Baba, mama hakufa kwa kupungua. Alifanya kazi ngumu, akafika chini ya tisini kama daktari alivyotaka, akaenda kupasuliwa mawe ya nyongo, na moyo wake ukasimama. Ilikuwa siku yake. Usinifanye niogope kitu pekee ninachokiweza.

Na kuhusu vidonge umechelewa. Nimeshapunguza, nameza nusu tangu tarehe kumi na nane. Sijamwambia mshauri. Mizani inasema tisini na tano kamili, kilo tisa. Kwa kilo moja iliyobaki nimsubiri nani? Tumbo limetulia. Nakunywa maji mengi kama alivyoniagiza, tena siku hizi sihitaji kulazimishwa, kiu yenyewe inanituma. Nyumba nzima inacheka ninavyopishana na choo. Kitu kimoja tu, macho yamechoka. Juzi nimehangaika kutia uzi kwenye sindano mpaka mwanafunzi wangu wa ushonaji akanipokonya: "Mama, leo Sindano kashindwa na sindano." Nitabadilisha balbu.

Kula, Baba. Tafadhali.

Sindano


Jumatatu, 1 Aprili

Mwanangu,

Siyo balbu. Kiu, choo, macho: ni sukari yako inapanda. Kabla sijaanza kuandika haya nimemwambia Afande akupigie simu asubuhi hii na kukwambia umeze dozi yako yote na uende kliniki leo, siyo kesho. Nimemwambia akupigie mpaka upokee. Sababu sikumpa. Sababu ni hii.

Mizani ile inadanganya. Haijachoka. Inadanganya kwa sababu mimi niliifundisha. Inameza kilo moja katika kila kumi na tatu. Ukiwa mia moja na nne, inasema tisini na sita. Fanya hesabu ya Jumamosi ile ya kwanza, uone. Sifuri yake ni ya kweli, ndiyo maana haishtukiwi. Ukiitazama tupu huoni kosa. Uongo wake unaanza ukipanda.

Daktari alimwambia mama yako afike chini ya tisini ndipo ampasue. Alianza na mia. Alijinyima, Sindano. Alipima wali kwa kikombe cha kahawa. Kilo tatu za mwanzo zilitoka, tisini na saba, kisha zikagoma. Wiki moja, mbili, tatu, namba ileile, na sahani zinaoshwa jikoni. Wiki ya nne, Ijumaa jioni alipokwenda kuoga, nilichukua bisibisi ndogo, nikafungua kifuniko cha nyuma, nikaisogeza ndoana ya springi upana wa uzi. Nusu kilo tu. Nilijiambia ni ya kumpa moyo, kwamba wiki inayofuata mwili wake utalipa na mimi nitairudisha.

Kesho yake alifumbua macho akacheka. Ulikuwepo, ulitoka chumbani kuuliza kuna nini. Siku ile alipika huku akiimba.

Ijumaa iliyofuata nikasogeza tena. Na kwa kuwa namba ilikuwa ikishuka yenyewe, akaanza kujirudishia kipande cha mkate, kijiko cha sukari, kidogo tu, na mimi nilimtazama nikanyamaza. Ilipofika themanini na tisa na nusu nikaifunga kwa risasi na kupiga muhuri wangu wa kazi, ili asije fundi mwingine kuifungua. Miaka thelathini na moja nilivunja mizani za wachuuzi wadogo kwa kupunja gramu hamsini. Muhuri wangu mmoja wa uongo ni ule, na uko chumbani kwako.

Aliingia chumba cha upasuaji ana kilo tisini na saba, na kadi niliyokuwa nikimjazia namba nyumbani inasema themanini na tisa na nusu.

Na gauni. Ulimpima mama yako, futi ikakwambia kiuno hakijapungua, ukakata na kushona hivyo. Yeye akakwambia umekosea, mizani haidanganyi, punguza inchi mbili. Ukalia, ukafumua, ukapunguza. Mimi nilikuwa nimekaa pale nasoma gazeti. Hukukosea, mwanangu. Umeishi na kosa langu kwenye mikasi yako miaka ishirini na mbili.

Sikuitupa mizani kwa sababu kuitupa ilikuwa kuficha ushahidi. Sikuirekebisha kwa sababu kuirekebisha ilikuwa kukiri. Nikaifunika magunia. Daktari wangu ameacha kunipangia tarehe za kurudi, nawe unajua maana yake. Nilitaka kwenda kaburini na siri hii. Ila wewe uliingia stoo kutafuta shuka.

Baba yako


Ijumaa, 5 Aprili

Baba,

Afande alinipigia mara tisa. Nilikwenda. Mia moja na tatu. Sukari ilikuwa inakaribia ya kulazwa. Wamenitundikia dripu tangu mchana mpaka jioni na kunirudishia dozi yote. Mshauri hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Ulinitajia jina la baba yako kwa fahari sana, nikaona haya kubisha."

Barua yako ilifika leo. Nimeisoma mara moja na sina nguvu ya kuisoma ya pili.

Nina swali moja. Hospitali inampasua mtu kwa kadi ya nyumbani? Hawakuwa na mizani yao?

Binti yako


Jumatano, 10 Aprili

Mwanangu,

Nilijua utauliza. Ulikuwa mtoto wa kuuliza swali lile lile ambalo mtu ameliruka.

Walikuwa nayo. Ilikuwa kwangu.

Iliharibika, wakaileta karakana ya idara yetu, na aliyepewa kazi ni mimi. Niliitengeneza Jumatatu kabla ya saa nne. Niliijaribu kwa mawe yote ya mizani, ilikuwa safi. Nikaifunga kwa karatasi ya kaki, nikaiweka rafu ya juu. Mama yako alikuwa apasuliwe Jumatano. Jumanne muuguzi wa wodi akapiga simu: "Fundi, mizani yetu vipi? Tuna mgonjwa kesho, tena ni mkeo." Niliitazama pale ilipo. Nikamwambia, "Bado, springi haijafika." Akasema basi watatumia kadi ya nyumbani, kwani mizani ya nyumbani kwa fundi si ndiyo bora kuliko zote. Akacheka. Na mimi nikacheka. Sijasahau kwamba nilicheka.

Usidhani nilitaka afe. Niliogopa apande mizani ya kweli mbele ya watu, aone tisini na saba, kisha ageuke anitazame. Hilo tu. Niliogopa jicho moja la mke wangu kuliko kisu.

Nilipanga kumwambia baada ya kupona. Niliandaa hata maneno.

Dawa ya usingizi hupimwa kwa uzito, na moyo wa mtu mnene huchungwa kwa namna nyingine. Sijui kama ndicho kilichomuua. Sikuuliza. Ningemuuliza daktari, naye angeniuliza mimi. Labda angekufa vilevile. Neno hilo "labda" nimelilalia miaka ishirini na mbili, na halijawahi kuwa laini.

Siku ya tatu baada ya maziko nikaipeleka mizani yao. Wakanishukuru kwa kufanya kazi nikiwa na msiba.

Sasa umejua yote. Sijaficha kitu kingine. Sikuombi neno.

Baba


Jumatatu, 29 Aprili

Dada Sindano,

Salamu. Mimi Afande. Si kazi yangu kuingia katikati ya mzee na mwanawe, wala sijui mmekosana nini. Barua ile ya mwisho aliifunga mwenyewe kwa gundi, hata mvuke haukufaa kitu.

Lakini wiki tatu zinakwenda hujaandika. Kila siku asubuhi ananiambia nisogeze kiti mlangoni. Mtu wa posta akipita bila kusimama, ananiambia nirudishe kiti. Chakula hapokei. Nimempigia kelele, nimembembeleza, nimejifanya nalia. Anasema, "Afande, mpe anayestahili." Nimeogopa. Nguo zake nazifunga kwa pini.

Kama una hasira, mwandikie hiyo hiyo hasira. Ataila hiyo akikosa nyingine.

Afande


Jumamosi, 4 Mei

Baba,

Ndani ya sanduku hili kuna mizani. Nilitaka kuivunja. Nilishika nyundo, mwanafunzi wangu akakimbia nje. Kisha nikaona nikiivunja nitakuwa nimekusaidia.

Ifungue. Kata lakiri yako, wewe, siyo mtu mwingine. Irekebishe isome kweli. Piga muhuri tena kama bado unao. Kisha nirudishie.

Afande ameniandikia. Kwa hiyo sikia na hili. Ulimnyima mama ukweli kwa sababu hukutaka kuona uso wake, na sasa unataka kuondoka kwa njaa ili usiuone wangu. Sikubali. Mimi kila siku napigana na kijiko ili nibaki kwa watoto wangu. Wewe huwezi kukaa mlangoni ukisusa uji kama bwana harusi aliyekosewa. Fundi mwenye njaa mkono humtetemeka. Utakula kwanza, ndipo ushike bisibisi. Afande ataniandikia umekula nini, siyo kiasi gani. Aanze na jana asubuhi.

Sindano


Jumanne, 14 Mei

Mwanangu Sindano,

Jana asubuhi: uji kikombe kizima, na yai. Mchana: maharage, wali, nusu ya ndizi. Jioni: supu. Afande amesimama nyuma yangu akisoma, nami namwachia.

Kazi imechukua siku nne. Siku ya kwanza niliweza kukata lakiri tu, kwa kisu cha mkate, na nikalala. Ya pili nilifungua kifuniko. Ndoana ilikuwa palepale nilipoiacha, na alama ya bisibisi yangu ikiwa inang'aa kama ya jana. Ya tatu macho na mkono vilipishana, nikamwomba Afande ashike bisibisi nami nikamshika kifundo. "Kushoto, kidogo. Kidogo, nimesema, hufungui jeneza." Akanijibu, "Mzee, ukinifokea naiacha mezani na sahani yako naijaza." Tukairudisha ndoana nyumbani kwake uzi kwa uzi. Mawe yangu ya mizani bado ninayo kwenye sanduku la kazi. Siku ya nne tuliyapakia yote, kilo hamsini, Afande akibeba mazito. Ikasema hamsini.

Kisha nikampandisha yeye. Amenikataza nisiandike, siandiki. Halafu nikapanda mimi, nimeshikwa mkono. Arobaini na nne. Niliisoma kwa sauti, macho wazi.

Lakiri imepigwa. Imekaa upande, nisamehe, mkono ni huu huu niliobaki nao. Ila ni ya kweli.

Nimelia nikilifunga sanduku. Afande akasema ni mvuke wa supu.

Baba yako


Jumamosi, 18 Mei

Baba,

Shikamoo.

Imefika jana. Leo asubuhi, kabla ya chai, nimepanda. Mia moja na moja. Nilishuka nikapanda tena. Mia moja na moja. Jana mchana kliniki ilisema hivyo hivyo. Ni kilo tatu kwa miezi mitatu, na mshauri amesema hizo ndizo alizokuwa akizitafuta tangu mwanzo. Futi nayo imelegea inchi moja. Nimeiomba radhi.

Nimelitoa gauni la mama sandukuni. Hospitali walilirudisha kwenye mfuko, nami sijawahi kulifunua. Nimeligeuza ndani nje nikaliweka karibu na dirisha. Matundu ya mshono wangu wa kwanza, ule niliofumua, bado yanaonekana pembeni, yote, yamenyooka. Nimeupima. Ulikuwa sawa.

Sijamaliza kukukasirikia. Sijui nitamaliza lini, na wewe huna muda wa kunisubiri, kwa hiyo nakuja nikukasirikie huko huko. Nitafika Jumamosi ijayo adhuhuri. Utanitazama usoni na mimi nitakutazama.

Mwambie Afande atuwekee meza. Sahani yangu nusu iwe mboga. Yako ijae.

Sindano wako